Maji ya Uzima na Kikombe cha Noeli
(Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka C)



Ndugu wasikilizaji wapenzi, Injili ya Dominika hii yatupeleka katika nyumba moja ya milimani, huko Yudea. Bikira Maria amefunga safari kwa haraka kwenda kumwamkia Elizabeti, jamaa yake. Anaingia, anatoa salamu, na mtoto aliyemo tumboni mwa mwenyeji anaruka kwa shangwe. Mwinjili Luka hatuambii kama paliandaliwa chakula au kinywaji. Atuambia tu kwamba mgeni alifika, mwenyeji akampokea, na nyumba ikajaa furaha ya Roho Mtakatifu.

Siku chache zijazo nasi tutasimama milangoni petu kuwapokea wageni. Watoto walioko mijini watarudi nyumbani, mabasi yatajaa, na jikoni moto hautazimika. Kila nyumba itaandaa kinywaji chake cha sikukuu. Kwa hiyo leo twataka kutafakari pamoja nanyi juu ya kikombe tutakachompa mgeni. Pengine jambo hili laonekana dogo mno kwa mahubiri ya Majilio. Si dogo. Tumeona familia zikivunjika kwa sababu yake, na tumeona familia nyingine ikianza kupona kwa sababu yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kula Noeli katika familia moja ya waamini wema. Baba wa nyumba ile, katika ujana wake, alikuwa mpishi wa wamisionari waliotoka Ireland, na kutoka kwao alijifunza kinywaji wanachokinywa huko kwao wakati wa baridi. Huchukuliwa kipande cha limau na kuchomekwa karafuu chache kwenye nyama yake. Kipande hicho hutiwa katika bilauri pamoja na sukari au asali, humiminwa wiski kipimo kimoja, kisha hujazwa maji ya moto. Mzee wetu alikuwa ameongeza mdalasini na tangawizi, akakipika katika sufuria kubwa, na harufu yake ilitupokea tungali njiani. Alijivunia kazi yake, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Mwana wa pili wa mzee huyo alikuwa ameutumikia ulevi kwa miaka mingi. Tangu Pentekoste ya mwaka ule alikuwa hajaonja pombe. Miezi saba, ndugu wapenzi! Mama yake alizihesabu siku hizo kama mtu ahesabuvyo punje za rozari. Sufuria ilipoletwa, baba mdogo alimjazia kijana kikombe. Kijana akasema kwa heshima, “Baba mdogo, nimeacha.” Naye akajibiwa, “Hii si pombe, mwanangu, hii ni dawa ya kifua. Tena Noeli haiachwi!” Watu wote wakacheka. Nasi, twakiri leo mbele yenu, tulicheka pamoja nao. Kijana akatutazama, akatazama kikombe, akanywa. Jioni hakuonekana. Tulimwona tena baada ya Epifania, kazi imekwisha kumpotea, na mkewe amerudi kwao na watoto.

Hatusimulii habari hii ili tumlaumu baba mdogo peke yake. Yeye alitenda kwa kutojua, nasi tulinyamaza hali tukijua. Basi na tujue pamoja.

Kwanza, yafaa tufahamu ni kitu gani kilichomo kikombeni. Wiski hutengenezwa kwa nafaka, hasa shayiri iliyooteshwa ikawa kimea. Kimea hicho huchachushwa, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, ndipo kinywaji huwekwa katika mapipa ya mbao kwa miaka. Katika chupa ya wiski, sehemu 40 kwa mia au zaidi ni kileo chenyewe. Kipimo kidogo cha mililita 35 chabeba kileo karibu sawa na chupa ya bia ya mililita 300. Wengi hudhani kwamba moto hukiondoa kileo chote. Sivyo. Ukimimina maji ya moto juu ya wiski, karibu kileo chote chabaki kikombeni. Na hata sufuria ikitokota nusu saa nzima, sehemu yake bado imo. Asali na viungo huondoa ule ukali unaomwonya mnywaji, lakini nguvu haziondoi. Ndiyo maana kikombe kitamu humwangusha mtu ambaye kikombe kichungu kingalimtahadharisha.

Pili, tutafakari jina lenyewe. Katika hesabu za mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 imeandikwa kwamba mtawa mmoja, Ndugu John Cor, alipewa kimea ili atengeneze kinywaji kilichoitwa kwa Kilatini aqua vitae, yaani maji ya uzima. Watu wa Ireland na Uskoti waliligeuza jina hilo katika lugha yao, wakasema uisce beatha, na kutokana na maneno hayo limezaliwa neno wiski. Kumbe kila mtu aitajaye wiski anataja, bila kujua, maji ya uzima!

Wapenzi wasikilizaji, sisi tunayajua maji ya uzima ni yapi. Penye kisima cha Yakobo, Bwana Yesu alimwahidi mwanamke Msamaria maji ambayo anywaye hataona kiu tena. Maji ya chupa yana desturi nyingine: ayanywaye kwa kupita kiasi huongezewa kiu. Jina ni moja, ila chemchemi ni mbili.

Je, twasema basi kwamba kinywaji ni dhambi? La, hasha. Zaburi yamsifu Mungu kwa divai ifurahishayo moyo wa mwanadamu. Wimbo Ulio Bora wataja divai iliyotiwa viungo, inayotolewa kwa upendo nyumbani. Huko Kana ya Galilaya Bwana wetu alijaza mabalasi sita ya mawe, wala hakuyajaza kwa kunung'unika. Karafuu nayo ni kipaji cha Mungu. Wakulima wa Unguja na Pemba huchuma vitumba vya maua kabla havijachanua, huvianika juani juu ya majamvi, navyo hutia harufu nzuri vyakula vya mataifa ya mbali. Viumbe vya Mungu ni vyema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu chake cha 2290, yatufundisha fadhila ya kiasi, yaani kuepa kila namna ya kupindukia katika chakula, pombe, tumbaku na dawa. Na hapo hapo yatuonya kwamba mtu anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia nzito.

Lakini sasa turudi katika nyumba ya Zakaria, maana humo Injili yatufundisha jambo tusilolitazamia. Watoto wawili wamo chini ya paa moja, kila mmoja tumboni mwa mama yake. Habari za mmoja, Yohane, malaika alikwisha kusema kwamba hatakunywa divai wala kileo. Wa pili, Yesu, atakwenda arusini na kuketi mezani na watoza ushuru, mpaka wapinzani wake wamwite mlevi. Njia zao ni mbali mbali, hata hivyo wanakutana kwa shangwe. Yohane hamdharau Yesu kwa sababu ya Kana, na Yesu hamwambii Yohane, “Onja kidogo tu, leo ni sikukuu.” Nyumba ya Kikristo ndiyo hiyo, nyumba ambamo anayekunywa kwa kiasi na asiyekunywa kabisa wote wanakaribishwa kwa heshima moja.

Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, aliweka kipimo kikubwa kuliko haki zetu. Alifundisha kwamba ni vema kuacha nyama au divai, ikiwa vitu hivyo vitamkwaza ndugu. Hakusema divai ni mbaya. Alisema ndugu ni bora kuliko divai.

Kanisa limetupa pia shahidi katika jambo hili, naye ametoka katika nchi ile ile ya wiski. Matt Talbot alizaliwa Dublin mwaka 1856 katika familia maskini. Alianza kazi kwa mfanyabiashara wa vinywaji akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huko huko akaanza kunywa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hana senti mfukoni, alisimama nje ya kilabu akitumaini kwamba rafiki zake aliozoea kuwanunulia watamnunulia na yeye. Walipita mmoja mmoja. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Aliiweka kwa miezi mitatu tu, kwa kuwa hakujiamini kuweza zaidi. Kisha akairefusha, hatimaye akaiweka kwa maisha yake yote. Akaishi miaka 41 iliyobaki katika sala, kazi na sadaka, akafariki tarehe 7 Juni 1925 njiani akienda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa. Wapendwa mnaopigana vita hiyo, tazameni: hakuanza na maisha yote. Alianza na miezi mitatu.

Mtauliza, na ile familia ikawaje? Mwaka uliofuata tulialikwa tena, na tulikwenda kwa aibu kidogo. Mama alitupokea akasema, “Padre, mwaka huu sufuria ni moja, na ya wote.” Alikuwa amechemsha lita mbili za maji na tangawizi iliyopondwa, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu nane, iliki sita na maganda ya chungwa moja, kwa muda wa dakika ishirini. Kisha aliyachuja, akatia majani ya chai kidogo, akaongeza asali na maji ya limau. Mzee mwenyewe alikata vipande vya limau na kuvichomeka karafuu kama desturi yake, kimya kimya. Baba mdogo aliuliza, “Kaka, chupa iko wapi?” Mzee akajibu, “Mwaka huu tunamngojea mtu.”

Kijana alikuja jua likitua. Alisimama mlangoni, akasikia ile harufu ya karafuu, akarudi nyuma hatua moja. Tuliona hofu usoni pake. Mama alichota kikombe na kumwendea. Mnajua desturi ya wazee wetu kwamba mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu. Mama alionja mbele ya macho yake, akampa. Kijana akanywa, akaingia, akaketi karibu na baba yake. Baba mdogo akasogeza kiti ili kumpa nafasi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hatutawadanganya kwamba hakuanguka tena. Alianguka, mara mbili tunazozijua. Lakini kila mara alijua kwamba ipo nyumba moja ambamo kikombe kimeonjwa kwanza, na kila mara alirudi katika nyumba hiyo.

Basi, ndugu wapenzi, tunapomaliza Majilio tujiwekee maazimio machache. Tunapoandaa kinywaji cha Noeli, sufuria ya wote na iwe haina kileo. Atakaye kutia atie kikombeni mwake, kwa kipimo, akijua anachokinywa. Penye ndugu anayejitahidi kuacha, chupa na ifichwe siku hiyo, wala tusimwone mwenye nyumba kuwa bahili. Mtu akisema, “Nimeacha,” tusimwulize kwa nini, wala tusimlazimishe kwa mzaha. Atakayeendesha gari au pikipiki asinywe kabisa. Watoto wadogo wasionjeshwe eti wazoee. Nanyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wiki hii wapitieni wale ambao sikukuu ni jaribu kwao kuliko furaha, na muwaalike kwa majina yao.

Hata sisi mapadre tuna azimio letu, maana siku ile neno moja kutoka kwetu lingalitosha, nasi tulitoa kicheko. Tumwombe Mungu atujalie kusema neno hilo kwa wakati wake.

Ee Bwana Yesu, unayebisha hodi katika nyumba zetu, uwaonee huruma wote walioonewa kiu na maji yasiyo ya uzima. Uwape leo nguvu ya siku moja, na kesho ya nyingine. Utufundishe kukupokea wewe katika ndugu aliyesimama mlangoni kwa hofu, na kikombe tutakachompa kisiwe na lolote la kumdhuru. Kwa maombezi ya Bikira Maria, aliyeingia nyumbani mwa Elizabeti na kuijaza furaha, utujalie Noeli njema na yenye amani. Amina.