Mtaro Utangulie Mapambo



Mji wa Tanga ulipandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2005. Hadhi hiyo ni ya kujivunia, lakini haizoi taka wala haizibui mitaro. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji hilo; ile ya 2022 ikakuta watu 393,429. Katika miaka kumi, basi, wameongezeka wakazi wapatao laki moja na ishirini elfu, na kila mmoja wao anahitaji maji, choo na mahali pa kutupa taka. Fedha hazitoshi kwa yote. Hapana budi baraza la madiwani liamue lipi litangulie.

Wapo wanaosema kwamba Jiji la pwani sharti kwanza lipendeze: taa za barabarani, bustani za ufukweni, lango la kupokelea wageni. Hoja hiyo haina uzito, na historia ya nchi inaonyesha sababu. Mpango wa madaraka mikoani ulipoanza mwaka 1972, halmashauri zilivunjwa. Nia ilikuwa njema, yaani kuwasogezea wananchi madaraka; lakini kwa kufanya hivyo aliondolewa yule aliyesimamia gari la taka na wazibua mitaro. Miji ikachafuka, huduma zikazorota, kipindupindu kikazuka. Ndipo mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji, na Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikaziwekea msingi wa kudumu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema waziwazi mwaka 1984 kwamba kuvunja serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia kama angeanza upya. Halmashauri za miji zilifufuliwa kwa sababu ya uchafu. Hakuna aliyezifufua ili zijenge malango.

Sasa litazamwe Jiji lenyewe. Ngamiani, pamoja na barabara zake zilizonyooka na kupewa namba, ilipimwa zamani. Pembezoni mwa mji mambo ni tofauti: nyumba imetangulia, ramani inafuata, na mtaro pengine haupo kabisa. Mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu ndogo tu ya mji. Kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo na makaro. Masika yanaponyesha na maji yakakosa njia, shimo hufurika, na kilichokuwa ndani yake huingia uani, kisimani na mwisho baharini. Bahari hiyo hiyo ndiyo shamba la wavuvi wa Sahare na Deep Sea. Juhudi za kuhifadhi mwambao wa Tanga na kupiga vita uvuvi wa baruti zilianza kwa mpango maalumu mwaka 1994. Itakuwa ajabu matumbawe yaliyookolewa kwenye baruti yauawe na kinyesi cha mjini.

Kuhusu maji safi, Tanga ina afadhali kuliko miji mingi. Maji yake hutoka Mto Zigi, unaoanzia misitu ya Usambara Mashariki, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Jiji iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini misitu hiyo iko Muheza na Mkinga, nje ya mipaka ya Jiji, na bomba jipya halisaidii mto ukijaa tope. Kwa hiyo fungu la kuwaunga mkono wakulima wanaohifadhi kingo za Zigi si hisani kwa jirani.

Watu watauliza fedha zitoke wapi. Ni kweli kwamba kodi ya majengo, nguzo ya zamani ya mapato ya miji, mwaka 2021 ilianza kukatwa na serikali kuu kupitia LUKU. Hata hivyo ushuru wa soko na leseni bado hukusanywa mjini, na mwananchi hulipa kwa moyo akionyeshwa kazi. Mapato na matumizi ya kila kata yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa Kiswahili ambacho mama muuza samaki atakielewa. Mwalimu mkuu apeleke idadi ya matundu ya vyoo na ya wanafunzi kwa diwani, kwa maandishi, kabla bajeti haijafungwa. Afisa afya naye azitembee kata zote kabla ya masika, akiwa na mwenyekiti wa mtaa, na orodha ya mitaro iliyoziba isomwe mbele ya baraza kabla ya ombi lolote la lango jipya.