Kamera za gari za bei nafuu Dubai: kipimo cha kwanza ni joto

Magari mawili yanapogongana katika barabara ya Sheikh Zayed mjini Dubai na asijeruhiwe mtu, hatima ya madereva wake huamuliwa na ripoti ya polisi. Anayebainika kuwa na kosa hupewa ripoti nyekundu, na asiye na kosa hupewa ya kijani. Bila ya ripoti hiyo gereji haina ruhusa ya kulitengeneza gari, wala kampuni ya bima haishughulikii madai.

Kwa dereva anayeishi kwa leseni yake, wakiwemo wengi waliotoka Afrika Mashariki kwenda kuendesha teksi na magari ya mizigo, rangi hiyo si jambo dogo. Kulifuata gari jingine kwa karibu mno hutozwa faini ya dirham 400 na alama nyeusi 4. Kuchepuka ghafla hutozwa dirham 1,000 na alama 4. Alama zikifika 24, leseni husimamishwa. Gari linapogongwa kwa nyuma, anayetazamwa kwanza kuwa mkosaji ni aliyekuwa nyuma, hata kama wa mbele ndiye aliyejipenyeza ghafla na kukanyaga breki. Asipokuwapo shahidi, hubaki neno la mmoja dhidi ya la mwingine.

Hapo ndipo ilipo faida ya kamera ndogo inayobandikwa kwenye kioo cha mbele na kurekodi safari nzima. Madukani zimejaa, na nyingi huuzwa kwa dirham mia kadhaa tu. Swali ni ipi inayomfaa dereva wa kawaida.

Wauzaji hupenda kutaja kwanza ubora wa picha. Hata hivyo, mfano wa kamera mbili zinazojulikana sana, 70mai A500S na Viofo A119 V3, unaonyesha kwamba sifa hiyo peke yake haitoshi. Zote mbili hutumia kihisi-picha cha aina moja, Sony IMX335, na zote hutoa picha kali kuliko kiwango cha kawaida cha 1080. Ya kwanza ina mfumo wa setilaiti ndani yake, unaoandika mahali na mwendo wa gari, na huendeshwa kwa urahisi kupitia simu ya mkononi. Tofauti kubwa imo ndani: 70mai hiyo ina betri ya lithiamu, ilhali Viofo hutumia kapasita.

Katika nchi ya baridi tofauti hiyo ingeweza kupuuzwa. Dubai haipuuziki. Wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 45, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupita 70. Betri ya lithiamu ikikaa katika joto la namna hiyo siku baada ya siku huchakaa upesi, na huweza kuvimba. Kapasita hustahimili joto zaidi. Kasoro yake ni kwamba huhifadhi umeme wa sekunde chache tu, unaotosha kufunga faili la mwisho umeme wa gari unapokatika. Lakini hicho ndicho hasa kinachohitajika baada ya kishindo cha ajali.

Ya tatu ni Garmin Dash Cam Mini 2. Hii ni ndogo kiasi cha kufichika nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, na picha yake ni ya 1080. Haina skrini wala mfumo wa setilaiti. Humfaa anayetaka tu kuonyesha nani aliingia njia ya nani. Anayetaka pia kuthibitisha mwendo wake hana budi kutafuta yenye setilaiti. Na anayehofia kugongwa kwa nyuma ahitaji kamera ya pili kwenye kioo cha nyuma, akikumbuka kwamba kioo kilichotiwa giza hupunguza uwezo wake wa kuona usiku.

Aidha, kadi ya kumbukumbu isisahauliwe. Kamera inayorekodi megabiti 20 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 9 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa saa 7 hivi, kisha picha mpya hufuta za zamani. Dereva wa teksi huimaliza kwa zamu moja. Kadi ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Iko aina maalumu ya kurekodi mfululizo, na nyongeza ya bei yake ni ndogo. Baada ya ajali, picha ifungwe mara moja kwa kitufe cha kamera, isije ikafutwa.

Lakini kamera iliyomwokoa dereva barabarani yaweza kumtia hatarini akifika nyumbani. Sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu kuhusu uhalifu wa mitandaoni, Namba 34 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari 2, 2022, inalinda faragha ya watu. Kusambaza picha za majeruhi au waliokufa ajalini bila ya ruhusa ni kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni mamia ya mara ya bei ya kamera yenyewe.

Kwa hivyo, picha ipelekwe kwa polisi na kampuni ya bima, isipelekwe kwa marafiki. Polisi ya Dubai hupokea taarifa za ajali ndogo kupitia programu yake ya simu, na ina huduma iitwayo "Sote ni Polisi", ambayo mwananchi na mgeni hutumia kuripoti uendeshaji wa hatari.

Anayenunua, basi, aanze kwa kuuliza kama kamera ina kapasita au betri. Afuatie kwa kadi, kisha setilaiti, na ubora wa picha uwe wa mwisho. Kamera yenye picha nzuri iliyokufa kwa joto mwezi Julai haitamsaidia mtu siku ya ajali.