Kikao cha Kwanza Ndicho Kigumu

Mazungumzo ya mshauri nasaha na wanafunzi wa klabu ya afya, Kenya



Leo sitawahubiria kwamba pombe ni mbaya. Hayo mmeshayasikia mpaka mmechoka, sivyo? Nina swali moja tu: mtu akishataka kuacha, aende wapi?

Wengi hujibu, "Ajikaze tu!" Haya. Anajikaza Jumatatu, anajikaza Jumanne, Ijumaa marafiki wanampitia, basi, yamekwisha. Si kwamba hana haya. Uraibu ni ugonjwa. Ubongo umeizoea pombe na sasa unaidai, na kushindana nao kila siku ukiwa peke yako ni kazi ngumu. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walikutana watu wawili: Bill Wilson, dalali wa hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili pombe ilikuwa imewatesa. Wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kuipitisha siku bila kunywa. Ndivyo Alcoholics Anonymous, au AA, ilivyoanza. Leo vikao vyake viko katika nchi nyingi, na hapa Kenya vipo. Je, vinasaidia kweli? Mwaka 2020 watafiti walichunguza tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba njia hii, kwa kumsaidia mtu aache kabisa, hufanya kazi sawa na matibabu mengine ya ushauri au hata kuyapita.

Sasa, ukiingia utakuta nini? Viti, mara nyingi chai, na watu wa kawaida: dereva, mwalimu, mama wa sokoni. Hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Mmoja husimulia pombe ilimfanya nini na sasa anaishi vipi, wengine husikiliza bila kumkatiza. Hakuna kiingilio. Kikapu cha mchango kikipita, hulazimiki kutoa. Ukiambiwa useme, unaweza kujibu, "Leo nitasikiliza tu," na hakuna atakayekulaumu. Yanayosemwa mle hubaki mle mle.

Vikao vingi hufanyika katika ukumbi wa kanisa, lakini AA si ya dini yoyote. Mungu hutajwa, ila kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa mwenyewe. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa.

Utakipataje kikao? Piga simu 1192, laini ya bure ya NACADA, uelekezwe. Au mwulize nesi, au mshauri wa shule. Ukipata mahali, uliza mambo matatu. Ni siku gani na saa ngapi? Ni kikao cha wazi, ambacho hata rafiki anaweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo peke yao? Je, kuna vijana? Kama hakuna kikao karibu, siku hizi vipo pia vya simu na intaneti.

Wewe uliye chini ya miaka 18, nenda na mtu mzima unayemwamini: shangazi, mjomba, mwalimu. Kaa naye karibu. Akitokea mtu wa kikao anayetaka mkutane faraghani, kataa, na umwambie uliyekuja naye. Na kikao cha kwanza kisipokupendeza, usikate tamaa. Makundi hayafanani. Jaribu cha pili, jaribu cha tatu.

Jamani, hapa sikilizeni vizuri. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila daktari. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Huyo aanzie hospitali, kisha ndiyo aende kikaoni. Ukiona dalili hizo nyumbani, usimwambie alale zitapita. Mpelekeni hospitali mara moja.

Najua pia kuna wanaosema moyoni, "Mimi sinywi. Anayekunywa ni baba." Nanyi mna mahali penu. Mwaka 1951 jamaa za walevi walianzisha Al-Anon, na mwaka 1957 likaanza tawi la vijana, Alateen. Ukiuliza habari za AA, uliza na hayo. Mle kijana hujifunza jambo kubwa: si yeye aliyemfanya mzazi anywe, na si kazi yake kumponya. Kazi yake ni kusoma, kula, kulala na kuwa salama. Kama nyumbani kuna kipigo, usingoje kikao. Piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Kikao cha kwanza ndicho kigumu, kwa sababu mlango huo mtu huufungua akiwa na aibu. Lakini waliomo ndani wote waliwahi kusimama pale pale mlangoni. Ndiyo maana hawakucheki.

Basi, ulizeni maswali. Mwenye swali la siri aliandike kwenye karatasi, bila jina, alitie kwenye sanduku lile pale. Nitayajibu yote.