Mazungumzo Kuhusu Upangaji wa Ratiba ya Kitaalamu ya Mkutano wa Kimataifa wa Tiba ya Utengamao

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati ya matayarisho.)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Wajumbe,
Mabibi na Mabwana,



Nimetakiwa nizungumzie upangaji wa ratiba ya kitaalamu ya mkutano wa tiba ya utengamao, yaani tiba inayomrejeshea mtu uwezo wa kutenda baada ya maradhi au ajali.

Mwaka 1999 vyama viwili vya kimataifa vya madaktari wa fani hii viliungana kuwa kimoja, na mkutano mkuu wa kwanza wa chama hicho kipya ukafanyika Amsterdam mwaka 2001. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mfumo mpya wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya. Mfumo huo haumtazami mtu kwa jina la maradhi yake pekee. Huangalia pia shughuli anazoziweza, ushiriki wake katika jamii, na mazingira yanayomsaidia au kumzuia.

Ndugu Mwenyekiti, kwa maoni yangu ratiba ianzie hapo. Ni rahisi kuanza kwa kutafuta wasemaji mashuhuri, kisha kuwatafutia mada. Tukifanya hivyo tutasikiliza hotuba nzuri kwa siku nne, na muuguzi wetu atarudi Micheweni na mkoba mpya bila ya jambo la kumfaa. Tuanze na suala hili: mvuvi aliyepatwa na kiharusi anahitaji nini ili atawadhe mwenyewe, akae barazani na wenzake, na ikiwezekana apande tena ngalawa yake? Mada isiyosaidia kulijibu suala hilo isubiri.

Hivyo basi, napendekeza mambo manne.

Kwanza, mada kuu ziwe chache na zitangazwe mapema. Kila ikisiri isomwe na wataalamu wawili wasiojua jina wala nchi ya mwandishi, ili kazi ipimwe kwa uzito wake.

Pili, vikao vichanganye fani. Daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi na fundi wa viungo bandia wazungumzie mgonjwa mmoja katika kikao kimoja, kama wanavyopaswa kumhudumia. Chuo cha mafundi hao kilichopo Moshi kinafundisha tangu mwaka 1981. Wahitimu wake wanayo ya kuueleza ulimwengu.

Tatu, watu wenye ulemavu wawe wasemaji na wapangaji, wasiwe vielelezo. Ukumbi uwe na njia ya mteremko, wakalimani wa lugha ya alama wawepo, na mapumziko yatoshe kwa anayetumia kiti cha magurudumu.

Nne, muda wa kutosha utengwe kwa mafunzo ya vitendo na majadiliano. Mkono wa mgonjwa haufundishwi kwa picha za ukutani peke yake.

Ndugu Wajumbe, Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2.4 walikuwa na hali za kiafya ambazo utengamao ungeweza kuzisaidia. Mwezi wa Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya. Basi mkutano usiokizungumzia kituo cha afya cha kijijini utakuwa umeliacha azimio hilo mlangoni.

Aidha, tusijidharau kwa udogo wa visiwa vyetu. Mgonjwa anayelazimika kuvuka bahari ili apimwe mguu wa bandia ni mada ya kitaalamu kamili. Tusipoiandika sisi, wengine wataiandika kwa kukisia, au haitaandikwa kabisa.

Nawatakia kazi njema.