Msimu wa Patriots bila Brady: tuuhukumu vipi?

Ndugu msikilizaji, mchezaji nyota anapoumia na timu yake ikabaki inahangaika, huzuka makundi mawili ya wasemaji. Kundi la kwanza husema, "Tuacheni, msimu wetu uliisha siku ile ile." Kundi la pili hungoja, na timu ikijikongoja hadi ikashinda michezo kadhaa, hudai kwamba kumbe nyota yule alikuwa akisifiwa bure. Leo nataka kuyajibu makundi yote mawili kwa kesi moja ya Marekani, nayo ni ya klabu ya New England Patriots katika msimu wa 2008, msimu walioucheza karibu wote bila kwotabeki wao, Tom Brady.

Kwa wale ambao mpira wa Kimarekani hawaujui, niseme kwa kifupi tu kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila timu inaposhambulia, na ndiye anayeamua katika sekunde mbili tatu aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao. Mshambuliaji wa soka anaweza kukaa dakika 20 asiuguse mpira na timu ikaendelea kucheza. Kwotabeki hana nafasi hiyo. Akiharibu yeye, shambulizi zima limeharibika. Ila jambo moja lishikwe vizuri, maana nitalirudia: mpira ukiwa kwa adui, kwotabeki hukaa nje ya mstari akinywa maji. Kazi ya kuzuia ni ya wachezaji wengine kabisa.

Basi, mwaka 2007 Patriots walishinda michezo yao yote 16 ya msimu wa kawaida. Brady alirusha pasi 50 za kufunga, idadi ambayo kabla yake hakuna aliyeifikia, na timu ikakusanya pointi 589. Wakaja kufungwa na New York Giants 17-14 katika Super Bowl, mapema mwaka 2008. Kwa hiyo msimu mpya ulipoanza tarehe 7 Septemba 2008 pale Foxborough, dhidi ya Kansas City Chiefs, watu wa New England walikuwa wamekuja kuona kisasi kikianza. Katikati ya robo ya kwanza, Brady akiwa anarusha mpira wa mbali, beki wa Kansas City, Bernard Pollard, aliyekuwa tayari ameanguka chini, alijivuta na kumgonga kwenye goti la kushoto. Kano mbili zilikatika. Msimu wa Brady ukawa umekwisha.

Aliyeingia aliitwa Matt Cassel, kijana wa miaka 26. Huyu alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Southern California, akakaa benchi nyuma ya Carson Palmer, kisha nyuma ya Matt Leinart, wote wawili washindi wa tuzo ya Heisman anayopewa mchezaji bora wa vyuo. Mara ya mwisho kwake kuanza mchezo kama kwotabeki ilikuwa shule ya sekondari. Patriots walimchukua mwaka 2005 akiwa wa 230 katika uteuzi wa wachezaji wapya, na kwa miaka mitatu kazi yake ikawa kusubiri.

Siku ile, mara tu baada ya kuingia, alijikuta yadi moja tu kutoka mstari wake wa mwisho, mahali ambapo kosa dogo ni hasara ya pointi. Akaurusha mpira mrefu kwa Randy Moss, yadi 51. Shambulizi lile likaishia kwa Moss huyo huyo kufunga, na Patriots wakashinda 17-10.

Tuje kwenye matokeo. Msimu ulipokwisha, Patriots walikuwa wameshinda 11 na kufungwa 5. Wakaachwa nje ya mtoano. Timu ya ushindi 11 kuachwa nje lilikuwa jambo ambalo halijatokea tangu Denver Broncos mwaka 1985. Mwaka ule ule San Diego Chargers waliingia kwa kushinda 8 na kufungwa 8, kwa sababu waliongoza kundi lao lililokuwa dhaifu. Mashabiki wa New England walilia sana na jambo hili, nami siwalaumu, lakini kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya msimu kuanza. Patriots walilingana ushindi na Miami Dolphins waliokuwa kundi moja nao, na pia na Baltimore Ravens. Katika kuamua nani apite, ilitazamwa michezo dhidi ya timu za konferensi yao. Miami na Baltimore walikuwa 8-4. Patriots walikuwa 7-5.

Hapo ndipo kundi la kwanza linaposimama na kusema: mnaona, tungekuwa na Brady tungepita. Huenda. Lakini hebu tuufungue mchezo mmoja mmoja tuone walipopotezea.

Mchezo wa tatu walifungwa nyumbani na Miami 38-13. Miami hawa mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mchezo mmoja tu kati ya 16! Siku hiyo walikuja na mbinu ya kumpa mpira moja kwa moja mkimbiaji Ronnie Brown bila kupitia kwa kwotabeki. Brown akafunga mara nne kwa mbio na mara ya tano akarusha pasi ya kufunga. Ulinzi wa Patriots ulisimama kama watu wanaotazama sinema. Nauliza, Brady angefanya nini? Angekuwa nje ya mstari, na chupa yake ya maji. Pointi zile 38 haziwezi kuandikwa kwenye hesabu ya goti lake, ingawa magazeti mengi yaliziandika huko.

Mchezo na Indianapolis Colts ulikwisha 18-15. Cassel alirusha mpira mzuri wa mbali, Jabar Gaffney akiwa peke yake, mpira ukamponyoka mikononi. Na aliyewamaliza kwa teke la yadi 52 alikuwa Adam Vinatieri, mpigaji waliyekuwa naye wenyewe miaka ya ubingwa wao na wakamwacha aondoke.

Halafu kuna ule wa New York Jets, tarehe 13 Novemba. Cassel alirusha yadi 400. Ikibaki sekunde moja, akampata Moss pembeni ya eneo la kufungia na mchezo ukawa sare. Ukaenda muda wa nyongeza. Kwa kanuni za wakati ule, sarafu ilirushwa, na timu ya kwanza kupata pointi yoyote ilishinda pale pale. Sarafu ikawaangukia Jets, wakatembea taratibu hadi karibu na nguzo, wakapiga teke, 34-31. Cassel hakuugusa mpira katika muda ule wa nyongeza. Kama Patriots wangeushinda mchezo huo, wangefikisha ushindi 12 na kuongoza kundi. Ligi yenyewe baadaye iliona kasoro hiyo ikaibadilisha kanuni, kwanza kwa mtoano na kisha, mwaka 2012, kwa msimu wa kawaida.

Kwa hiyo kundi la kwanza nawajibu hivi: timu yenu ilikuwa na ulinzi uliozeeka, na majeraha mengine tele. Rodney Harrison, nguzo ya nyuma, aliumia Oktoba. Adalius Thomas alivunjika mkono Novemba. Jeraha la nyota lina tabia ya kuyafunika mengine yote, na viongozi wa klabu hulipenda kwa sababu hiyo.

Sasa kundi la pili, wale waliosema Brady alikuwa anabebwa na kocha Bill Belichick na mfumo wake. Hawa walipata nguvu sana mwisho wa mwaka ule, na hata leo wapo. Ushindi 11 bila yeye! Hapa nawaomba watazame walioshindwa ni akina nani. Ratiba ya Patriots mwaka 2008 iliwakutanisha na makundi mawili dhaifu ya magharibi. Kansas City walimaliza msimu na ushindi 2, St. Louis Rams 2, Seattle Seahawks 4, Oakland Raiders 5. Dhidi ya timu zilizofika mtoano, Patriots walicheza mara 6, wakashinda 2 na kufungwa 4. Pittsburgh Steelers waliwapiga 33-10 hapo hapo Foxborough. San Diego waliwapiga 30-10.

Kisha tazameni namna ya ushindi. Pointi 589 za mwaka 2007 zilishuka hadi 410. Brady alikuwa ameangushwa na mpira mkononi mara 21 msimu mzima wa 2007. Cassel aliangushwa mara 47, na wale waliomkinga mbele walikuwa karibu wote wale wale. Tofauti ilikuwa kichwani. Brady aliuona mlango unafunguka kabla haujafunguka, na mpira ukawa umeshaondoka. Cassel, hasa Septemba na Oktoba, alingoja auone mlango uko wazi kabisa, na kabla hajamaliza kuona, watu wawili wa kilo mia na zaidi walikuwa kifuani mwake. Mfumo ulikuwa ule ule. Aliyeusoma haraka alikuwa hospitali.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nikiupima msimu ule sipimi jumla peke yake. Naitazama timu ya Septemba na timu ya Desemba. Mwanzoni Belichick na wasaidizi wake walimpa Cassel pasi fupi fupi, kama mtu anayejifunza gari katika uwanja mtupu. Baada ya michezo 10 walikuwa 6-4. Juma lililofuata ile sarafu ya Jets, Cassel alikwenda Miami, akarusha yadi 415, wakawalipa wale wa Ronnie Brown 48-28. Desemba baba yake alifariki, na siku sita baadaye akacheza Oakland na kurusha pasi nne za kufunga, 49-26. Wakawapiga Arizona Cardinals 47-7 kwenye theluji. Ni kweli Arizona walikuwa wameshajihakikishia nafasi yao na hawakujiumiza sana siku hiyo, ila majuma sita baadaye Arizona hao hao walikuwa Tampa wakicheza Super Bowl na Steelers, wakafungwa 27-23. Mchezo wa mwisho, Buffalo, upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba Cassel alirusha mpira mara 8 tu. Wakashinda 13-0, kisha wakakaa kuwaombea Jets, mahasimu wao, wawafunge Miami. Jets walifungwa 24-17.

Ushindi minne mfululizo mwishoni, chini ya kijana aliyekuwa hajaanza mchezo tangu sekondari. Hiyo ni kazi ya walimu, na ni kazi ya wachezaji wa kawaida waliokataa kulala. Ilinganisheni na Indianapolis Colts mwaka 2011. Wao walimkosa Peyton Manning msimu mzima kwa sababu ya upasuaji wa shingo. Mwaka uliotangulia walishinda 10. Bila yeye walifungwa michezo 13 ya kwanza, wakamaliza na ushindi 2. Kule Indianapolis, nyota alikuwa amefunika klabu isiyo na mpango wa pili, na ikabidi waanze upya, kocha akafukuzwa na Manning mwenyewe akaachwa aende.

Hukumu yangu basi, msikilizaji, ni kwamba Patriots wa 2008 walikuwa timu nzuri iliyopungukiwa na ubingwa, na upungufu huo ndio kipimo cha Brady. Kuzishinda timu dhaifu kulihitaji klabu iliyopangwa, nayo ilikuwepo. Kuwashinda Pittsburgh na Indianapolis kulihitaji mtu mmoja zaidi.

Wenye pesa nao walitoa hukumu yao mapema mwaka 2009. Kansas City, wale wale ambao beki wao alimuumiza Brady, walimchukua Cassel pamoja na Mike Vrabel kwa kubadilishana na nafasi moja ya raundi ya pili katika uteuzi. Ligi ikaweka kanuni kwamba mlinzi aliyekwisha kuanguka asijirushe tena kwenye miguu ya kwotabeki. Brady alirudi tarehe 14 Septemba 2009 dhidi ya Buffalo. Zikiwa zimebaki dakika chache alikuwa nyuma 24-13, akarusha pasi mbili za kufunga kwa Ben Watson, ikawa 25-24. Cassel hakucheza mchezo wake wa kwanza na Kansas City. Alikuwa ameumia goti.