Kichupa Kilichocheleweshwa na Ukungu



Desemba 1963, ndege iliyotoka Uganda ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Ilibeba kichupa chenye kipande cha uvimbe wa mtoto wa Uganda. Kilipomfikia mtafiti Anthony Epstein, saa nyingi zilikuwa zimepita na maji yake yamechafuka. Kitu cha namna hiyo hutupwa, maana huhesabiwa kimeingiwa na bakteria. Epstein alichota tone, akalitia kwenye hadubini kwanza. Hakuona bakteria. Zilikuwa chembe za saratani zenyewe, zimenyofoka njiani, zinaelea, ziko hai.

Alikuwa amehangaika miaka miwili bure, akisaka kirusi kwenye uvimbe wa aina hiyo. Machi 1961, akiwa mtafiti wa kirusi kinachowapa kuku saratani, alikwenda kumsikiliza Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda. Burkitt alieleza uvimbe wa taya unaoshika watoto kwenye nchi za joto na mvua. Baadaye mwaka huohuo, Burkitt na wenzake wawili waliendesha Ford kuukuu kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali hadi hospitali na picha mkononi: ugonjwa huu mnao?

Februari 1964, hadubini ya elektroni ilimwonyesha Epstein virusi ndani ya chembe zile. Aliizima akihofu sampuli isiungue, akatoka kuzunguka mtaa kwenye theluji, bila koti. Mwezi uliofuata yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, ugonjwa ukaitwa Burkitt. Mtoto aliyetoa uvimbe hakuitiwa chochote, na hilo ni deni.

Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wana kirusi hicho, na humu ukumbini pia. Kinga ya mwili hukibana kikatulia. Kwa mtoto anayeandamwa na malaria, mbano huo hulegea, na saratani hupata nafasi. Epstein aliisaka chanjo kwa miaka mingi huko Bristol. Alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102, chanjo ikiwa bado haijapatikana.

Dawa za saratani hii zipo, ila uvimbe wake hukua upesi mno. Kwa hiyo mkipiga simu nyumbani, waambieni: mtoto akivimba taya na meno yakilegea, asiachiwe mng'oa meno. Apelekwe hospitali kubwa wiki hiyohiyo.