Mshike Mkono

Mzazi wa Manyoni, mzazi wa Itigi, mwanao akisikia honi tu, huyo, mlangoni! Anapenda treni. Basi mpeleke stesheni akaione Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ila mshike mkono.

Kwa nini? Treni ni nzito. Dereva akifunga breki, mabehewa bado yanasukuma mbele. Haisimami papo hapo kama bajaji.

Kwa hiyo simameni mbali na ukingo. Msishuke relini kupiga picha. Mwache ahesabu mabehewa kwa sauti; hata akiruka saba, si kitu. Mkono usiuachie. Kama mnasafiri, treni ikishasimama kabisa, ndipo mbebe mpande. Mkalishe dirishani, kichwa na mikono vibaki ndani.